Kabichi Juu ya Hotidogi

Sufuria ya kwanza ya rojo ilikwenda kwa mbwa wa jirani. Ya pili ilimwagwa nyuma ya banda, na asubuhi yake kukawa na nyayo za wanyama wa porini kila mahali. Hii ya tatu, Twila Skeens alijiapia mbele ya jiko lake, kama haitaliwa ataigeuza na kumvika Okey kichwani kama kofia ya zimamoto, potelea mbali.

Mwenyewe Okey, mumewe, alikuwa sebuleni kwenye kiti cha kuegemea, blanketi magotini ingawa ni mwezi wa Mei, suruali imeshikwa na mkanda aliouongezea tundu kwa msumari. Saratani ilikuwa shingoni. Madaktari wa Charleston walikuwa wamemaliza kuichoma kwa mionzi na wakasema wameridhika, mambo yamekwenda vizuri, sasa kazi iliyobaki ni yake: ale. Na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Okey hakuwa anakula. Mtu aliyekuwa akirudi kutoka kazini kiwanda cha kemikali akamaliza kuku mzima na kuuliza kama kuna pai, sasa alikuwa anazungusha uma kwenye sahani kama anatafuta pete iliyopotea.

Jumatatu angepimwa uzito. Akikutwa amepungua tena, daktari alisema, atatobolewa tumbo na kuwekewa mpira wa kulishia. Okey alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema mpira huo wamwekee mbuzi. Garini akamwambia Twila kwamba hatanii: hatobolewi mtu, na kama ni kufa atakufa na tumbo lake zima. Twila alimjua mwanamume huyu. Akisema hatanii, hatanii kweli.

"Basi niambie utakula nini," Twila alimuuliza. "Sema chochote. Nitapika."

Okey akafikiri. "Hotidogi," akasema. "Ya hapa nyumbani."

Na ndiyo zikaanza hizi sufuria.

Huku kwenye mabonde ya Mto Elk, hotidogi ni rojo. Soseji anaweza kuichemsha mtu yeyote mwenye maji, skonzi zinanunuliwa, lakini rojo ndilo linalomtaja mpishi. Nyama ya kusaga haikaangwi. Inatiwa mbichi kwenye maji baridi na kuvurugwa kwa vidole mpaka maji yawe kama tope la mfereji, ndipo moto uwashwe. Anayeikaanga kwanza anapata vibonge kama kokoto, na majirani watamsema mpaka siku ya mazishi yake, na siku yenyewe pia watamsema. Twila hakuwahi kukaanga. Alitia vidole kwenye maji yale ya baridi mpaka vifundo vikamuuma, akaminya, akaminya, akatia kitunguu, nyanya ya kopo, unga wa pilipili, bizari, tone la siki, na chumvi ya kuanzia. Ya kumalizia alikuwa anaisubiri kwa Okey.

Kwa sababu katika nyumba hii, na bonde lote hili, chumvi ilikuwa ni kazi ya Okey. Kila majira ya kuchipua kikosi cha zimamoto cha kujitolea huuza hotidogi ili kununua mipira ya maji na viatu, wanawake wanapika ukumbini tangu alfajiri, na hakuna sufuria iliyowahi kutoka mlangoni kabla Okey Skeens hajapita na kijiko chake. Anachota, anafumba macho, anasema, "Chumvi imepungua kidogo," au anasema, "Hii ipelekeni." Basi. Walijaribu kumbishia miaka ya mwanzo, wakaumbuka, wakaacha. Hata Twila, ambaye hakuwa mwepesi wa kumkubalia mume jambo, hilo alimkubalia. Alikuwa ameacha hata kuonja. Aonje ya nini, na ulimi upo sebuleni?

Akachota kijiko, akakipuliza, akampelekea.

Okey akaonja. Akafumba macho. "Chumvi imepungua kidogo," akasema.

"Ndivyo ulivyosema juzi. Nikaongeza, na hukula."

"Juzi pilipili ndiyo iliyokuwa nyingi."

"Na jana?"

"Jana lilikuwa jepesi mno. Mama Leta, mbona wanihoji kama polisi? Umeniuliza, nimekujibu."

Twila akarudi jikoni akikanyaga sakafu kwa visigino ili asikike. Akatia chumvi, akakoroga, akawa anajisemea kwa sauti ya kutosha kupita ukutani. Ati jepesi! Mtu hajatia tonge mdomoni wiki nzima, lakini maneno anayo. Angekuwa anapimwa maneno Jumatatu, wangemrudisha nyumbani kwa unene.

"Na kabichi!" Okey akapaza sauti kutoka sebuleni, ile sauti yake mpya yenye mikwaruzo.

Twila akaacha mwiko. "Unasemaje?"

"Nataka na kachumbari ya kabichi juu. Kama ya kwetu."

Twila akaja mpaka mlangoni, taulo begani. "Wee Okey, unaumwa shingo au unaumwa kichwa?"

Hapa pana habari ya zamani. Twila alizaliwa Fairmont, kaskazini, ambako hotidogi ni skonzi, soseji, haradali, rojo kali na kitunguu, na mtu akikuwekea kabichi juu unamuuliza kama amekosa pa kuitupa. Okey alizaliwa huku chini, ambako hotidogi bila kabichi ni sawa na mtu aliyetoka nje bila suruali. Walipooana walikubaliana: jikoni kwa Twila kabichi haipandi juu ya hotidogi, na akiitaka akanunue kwenye kibanda cha pale penye petroli. Okey alilishika agano lile maisha yote. Alikuwa akirudi kutoka kule petroli na mayonezi kwenye sharubu, Twila anamwona, anajifanya hakuona.

"Umekaa miaka yote hiyo," Twila akasema, "umekosa siku ya kuanza vita, ukaiona hii?"

"Si vita. Nataka kabichi."

"Tutakula kabichi pembeni, kwenye bakuli, kama watu."

"Juu," akasema Okey.

"Basi mpigie dada yako aje akutengenezee, mimi sijui inavyotengenezwa." Aliyasema kwa hasira tu, kumbe mwanamume ameshachukua simu.

Icie alifika kabla rojo halijapata mchemko wa pili. Icie ni dada mkubwa wa Okey, mjane, anakaa ng'ambo ya kijito, na miguu yake ni mizima kuliko inavyopasa kwa umri wake. Alikuja na kabichi kwapani, mtungi wa mayonezi mkononi, na kisu chake mwenyewe kimefungwa kwenye kitambaa.

"Hujambo, wifi," akasema.

"Sijambo, wifi. Naona umekuja na silaha."

"Visu vya watu huwa siviamini." Akaangalia jikoni kote, akaangalia sufuria, akanusa. "Harufu nzuri."

"Usinisifie kwa mshangao."

"Nakusifia hivi hivi, Twila. Hebu nisogezee ubao."

Wanawake hawa wawili hawakugombana rasmi hata mara moja. Waliishi kwa adabu, kila mmoja akingoja mwenzake akosee. Icie akakata kabichi nyembamba, halafu akaikatakata tena mpaka ikawa kama makombo, akatia sukari, siki kidogo, mayonezi, akavuruga. Twila akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Sukari! Kwenye hotidogi! Mungu anipe uvumilivu.

"Skonzi ziko wapi?" Icie akauliza.

"Chini, kwenye friza. Nakwenda mwenyewe, usihangaike." Maana hakutaka Icie aone friza lilivyojaa vyakula vya majirani, vyungu vya tambi na jibini na viazi, vyote vimepelekewa Okey na vyote Okey amevikataa. Alishuka, akasimama kidogo pale penye baridi mkono kwenye kifuniko. Alikuwa amechoka. Alikuwa na hasira na Okey kiasi kwamba akimwona tu amekaa anataka kumtikisa. Tangu Pasaka mtu huyu kazi yake ni kukosoa. Supu, hapana. Uji wa shayiri, hapana. Mayai, nani kakufundisha kukaanga mayai? Na yeye kila siku anaingia tena jikoni kama mjinga. Akabeba skonzi, akapanda.

Asichojua ni kwamba huku juu Icie naye alikuwa ameshachota kijiko akampelekea Okey, na Okey amefumba macho akasema chumvi imepungua kidogo. Icie akatia chumvi, tena ya kutosha, halafu akarudi haraka kwenye kabichi yake asije akaonekana anagusa sufuria ya wifi.

Twila akafunga skonzi kwenye kitambaa kibichi juu ya mvuke. Akachota kijiko chake cha mwisho, akakipeleka sebuleni.

"Haya, bwana mkubwa. Lionje, useme, tumalize."

Okey akaonja. Akafumba macho kwa muda mrefu. "Bado kidogo," akasema.

"Chumvi?"

"Chumvi."

Twila alirudi jikoni, akashika mkebe wa chumvi, hakutafuta hata kijiko, akaumimina juu ya rojo huku meno yameshikana. Anataka chumvi? Hiyo! Ala! Akakoroga mara mbili tatu, akazima moto.

Halafu wakaanza kupanga. Skonzi laini, soseji, mstari wa haradali, rojo, kitunguu kilichokatwa. Twila akasimama nyuma, akamwachia Icie bakuli lake, akageuza uso dirishani wakati kabichi inawekwa juu. Hakutaka kuiona ikiingia. Icie akabeba sahani, Okey akasaidiwa kuja mezani, akaketi.

Wote wawili wakasimama wakimtazama, kama watu wanaongoja injini ya gari bovu iwake.

Okey akaishika kwa mikono miwili. Akauma. Akatafuna. Akameza, taratibu, kidevu kikishuka kusaidia koo. Akauma tena.

"Anakula," Icie akanong'ona.

"Namwona," akasema Twila. Akaegemea jiko kwa furaha ya ghafla. Alikuwa radhi kula kabichi hiyo kila siku ya maisha yake, na sukari yake, kama ndiyo itakayomwinua kwenye mzani. Kidole chake kilikuwa kimechafuka kwa rojo, akakilamba bila kufikiri.

Akatema kwenye sinki.

Haikuwa chumvi ya kuzidi kidogo, ile unayosema basi tutakunywa maji mengi. Ilikuwa chumvi ya kukausha ngozi ya ng'ombe. Mdomo ulimkunjamana wote, machozi yakamtoka. Icie akamwona, akachovya kijiko, akaonja, akashika koo.

"Mungu wangu, wifi. Ulitia kiasi gani?"

"Nilitia alivyosema. Na wewe?"

Icie akatazama chini. "Na mimi nilitia alivyosema."

Wakageuka pamoja. Okey alikuwa amefika nusu ya hotidogi. Alikuwa anatafuna kwa utulivu, jicho kwenye bustani nje. Hakuomba maji. Hakukunja hata uso.

Twila akaja mezani. Sauti ilimtoka ndogo. "Okey. Unalionaje?"

Okey akafuta sharubu. Akafumba macho, kama ukumbini, kama siku zote. "Safi," akasema. "Chumvi tu, ingeongezwa kidogo."

Icie alivuta kiti, akakaa.

Twila akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mumewe. "Ulimi wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Okey."

Akaiweka hotidogi sahanini. Alikuwa ameelewa kwamba ameshikwa, na masikio yakamwiva. "Ndiyo nakwambia. Hauna kitu. Umekufa. Nikila nyama, nikila karatasi, ni kile kile."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka!" Twila akasimama wima. "Na supu zangu? Na mayai? Na sufuria mbili za rojo nilizomwaga, na mgongo huu wote, na vidole hivi? Kumbe ulikuwa unajisemea tu? Chumvi, pilipili, jepesi, zito, yote umetunga?"

"Yote."

"Kwa nini, wewe mtu? Nilikukosea nini? Mbona ukanitesa hivyo?"

Okey akamtazama dada yake kuomba msaada, Icie akageuza uso. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Siku ile walipotuambia," akasema, "tuliporudi, ulilia garini. Ukalia jikoni. Ukaingia kuoga, nikakusikia unalia na maji. Siku nne, tano, Twila. Nilikuwa sijui nifanye nini na mwanamke analia hivyo kwa ajili yangu. Halafu walipoanza kunichoma, siku moja ukanipa supu, sikusikia ladha yoyote, nikaogopa, na kwa ile hofu nikasema haina chumvi. Ukawaka! Ukanigombeza mpaka jua likazama. Ukaigombeza hata redio." Akasogeza sahani kidogo kwa kidole. "Siku hiyo hukulia. Ukiwa na hasira huwa hulii. Basi nikawa nakuudhi."

Twila alivuta taulo begani, akalikunja, akalikunjua.

"Nilijua chakula kilikuwa kizuri," Okey akasema.

"Ungejuaje?"

"Nakujua wewe."

"Na kabichi?" Icie akauliza taratibu. "Kama huonji, kabichi ya nini?"

"Kabichi naisikia," akasema Okey. "Si utamu. Ni ile baridi yake, na inavyovunjika kwenye meno. Vingine vyote ni pamba tu. Kabichi najua iko mdomoni."

Twila akaishika meza. Kitu kimoja tu duniani mtu huyu alikuwa bado anakisikia mdomoni, na yeye alimwambia atakula pembeni kwenye bakuli. Aibu ilimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumpiga na mwiko, na alitaka aketi sakafuni alie mpaka Jumatatu. Akaona kabisa kilio kinakuja.

Okey naye alikiona. "Halafu na skonzi zako," akasema haraka, "zimelowa kama sponji."

"Nyamaza!" Twila akafoka, na machozi yakamtoka papo hapo, yote mawili kwa wakati mmoja, kufoka na kulia. "Hii haifanyi kazi tena, umeshaitaja!"

Akaichukua ile sahani, nusu hotidogi akaitupa kwenye ndoo. Akatoa skonzi nyingine kwenye mvuke, akatia soseji, haradali. Akavuta bakuli la wifi yake.

"Na rojo," Okey akasema.

"Rojo hili litakuua kabla ya saratani."

"Kidogo. Bila rojo si hotidogi."

"Wewe utajuaje?"

"Nitaliona."

Akalipaka jembamba, kama mtu anayepaka dawa kwenye kidonda. Halafu akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye kabichi, Twila, binti Tennant wa Fairmont, akaipandisha juu mpaka ikaanza kuanguka pembeni, akaishindilia, akaongeza nyingine. Icie akamsogezea bakuli karibu.

Akaiweka mbele ya mumewe, akavuta kiti, akakaa magoti yakigusana. "Kula."

Okey akauma. Kabichi ikalia mdomoni mwake, wote wakaisikia. Akatafuna, halafu akaacha kutafuna, shavu limejaa, akimtazama mkewe.

"Nini tena?" Twila akauliza. "Inauma?"

Akatikisa kichwa. Akaendelea kumtazama tu, chakula hakishuki. Twila akafuta pua kwa kiganja, akaelewa kwamba anangoja kugombezwa.

"Mwone," akaanza, sauti inamtetemeka. "Mwone alivyokaa. Mwongo mkubwa. Mabati ya banda yamelegea tangu dhoruba ya Februari, umeyagusa? Hukuyagusa. Uliniambia utayapigilia, na misumari nikanunua mwenyewe."

Okey akameza. Akauma tena.

"Na mamako, Mungu amrehemu, aliniambia siku ya harusi kwamba wewe ni mtu wa siri, nikamwona mzee anatia fitina. Na Leta nitampigia simu leo, nimwambie baba yake alivyo. Na Jumatatu utavaa shati la bluu, si lile lenye mafuta, sitaki waseme mke wako hafui."

Akaishiwa pumzi, kilio kikamkaba, akanyamaza. Mkono wa Okey ukasimama hewani na hotidogi yake. Alimngoja.

"Viatu vyako," Twila akasema huku analia, "viko katikati ya mlango tangu jana," na mwanamume akafungua mdomo, akala.